Fremu Isiyochanganywa

Mara ya kwanza muuza vipuri kukanyaga karakana ya Mshenga, nusura afukuzwe kabla hajatua gunia. Alikuwa kijana mwenye miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi, amebeba breki, pedeli na hendeli alizozoa kwenye mnada wa vyuma chakavu, akidhani fundi yeyote wa baiskeli atazipokea kwa mikono miwili. Mshenga alichomoa breki mbili, akazigeuza, akazitupa mlangoni.

"Hii ya ringi kubwa, hii ya ringi ndogo, umezifunga pamoja kama pacha. Unauza vipuri au unauza kelele?"

"Vyote, fundi. Kelele ni nyongeza."

Fundi hakucheka. Alinunua nusu ya gunia, tena kwa bei ambayo muuza vipuri aliitukana njia nzima akirudi. Ilimuuma kukutana na mtu anayejua thamani ya mzigo kuliko mwenye mzigo. Baadaye alimwoa dada wa fundi huyo, wakawa mashemeji wa kutaniana na kugombana, zaidi kugombana.

Jina la Mshenga alipewa na wateja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuozesha. Fremu za zamani za baiskeli za mashindano, za chuma chembamba, zililetwa kwake zikiwa uchi, naye akazitafutia wenza: magurudumu ya juzi, breki za enzi nyingine, gia zilizotoka kiwandani wakati fremu imeshakuwa bibi. Palipobana alipiga tupa, palipopwaya aliweka pete ya bati la kopo. Na muda wote huo alikuwa anafoka. Alimfokea aliyebadilisha upana wa ekseli, aliyebadilisha nyuzi za skrubu, na mteja aliyesimama mbele yake bila kosa.

"Wanakaa mezani huko viwandani," alisema, "wanakubaliana namna mpya ya kunitesa."

Ukutani, juu ya vaisi ya kubania vyuma, ilining'inia fremu ya kijani isiyokuwa ya mteja. Hiyo hakuiozesha ovyo. Kila kilichofungwa juu yake kilikuwa cha umri wake, alikitafuta mwenyewe, akakisugua mwenyewe. Kilikosekana kitu kimoja tu: mkono wa gia, ule unaoning'inia nyuma chini ya ekseli na kusogeza cheni. Aliyemuuliza kwa nini haipandi alijibiwa kwamba yeye anakula kwa kuchanganya, basi aachiwe kimoja kisichochanganywa.

Ugomvi ulianza fremu ya binti yake ilipopasuka. Binti alikuwa mtu mzima, fundi kama baba yake, anashinda naye karakanani na kukimbiza baiskeli katika klabu ya mji. Jumapili ile klabu ilikuwa inachagua timu. Bila baiskeli hakuna timu, na ile ya kijani ilimkaa kama nguo ya kupimiwa, maana yeye na baba yake walikuwa kimo kimoja. Tatizo ni kwamba gia za zamani ni nzito mlimani. Alihitaji gurudumu jipya lenye meno mengi, nalo lilikuwa pana kuliko nafasi ya nyuma ya fremu. Ingebidi fremu ipanuliwe.

"Haipanuliwi," baba alisema.

"Ya mwenye duka la dawa umeipanua juzi."

"Ya mwenye duka la dawa ni ya mwenye duka la dawa."

Muuza vipuri akanusa biashara. Siku hizo alikuwa na duka lake, na gurudumu la namna hiyo alikuwa nalo humo, na watu wa klabu wana tamaa: binti akipanda mlima nalo vizuri, wote watalitaka. Tena alikuwa amepata, kwa njia zake, mkono wa gia wa enzi ile ile ya fremu ya kijani. Akaupeleka umeviringishwa kwenye kitambaa, akauweka mezani kwa fundi.

Mshenga aliufungua. Kidole gumba kikapita juu ya springi, taratibu. Muuza vipuri ameona watu wengi wakitamani vitu, ndiyo riziki yake, lakini tamaa ya namna ile hakuwahi kuiona.

"Bei?"

"Hakuna bei, shemeji. Mpe mtoto fremu msimu huu. Ukiisha unairudisha ukutani, unafunga mkono wako, mambo yako yametimia."

"Ikishapanuliwa?"

"Utaibana tena. Si ndiyo kazi yako?"

"Chuma si mdomo wako, kufunguka na kufungika kila kukicha."

"Mwanao anakosa timu kwa sababu ya bomba lililopakwa rangi."

"Mwanangu anajua kusema. Hajakuomba udalali." Akauviringisha ule mkono kwenye kitambaa chake, akamsukumia shemeji yake kifuani.

Muuza vipuri alitoka akisonya. Kukataliwa bei amezoea, kukataliwa zawadi kulimtia wazimu. Siku hiyo hiyo aliuuza mkono ule kwa mkusanyaji wa vitu vya kale, mtu asiyejua hata kuendesha. Kisha akampigia binti simu.

"Kesho baba yako yuko?"

"Anakwenda mnadani, anko."

"Basi gurudumu linakuja. Klabuni wakikuuliza umelipata wapi, unajua pa kuwaelekeza."

Kesho yake alisimama pembeni akiangalia. Binti aliishusha fremu, akaivua vya zamani kimoja kimoja, akavipanga kwenye boksi. Akapachika chuma chenye nyuzi za skrubu katikati ya masikio mawili ya nyuma, pale ekseli inapokaa, akawa anazungusha nati kidogo, analegeza, anapima, anazungusha tena. Akavuta uzi kutoka mbele hadi nyuma, kulia na kushoto, kuona kama fremu haikwenda upande. Haikwenda. Gurudumu likaingia bila kulazimishwa. Akafunga mkono wa gia mpya uliokuja na gurudumu, cheni ikaanza kupanda na kushuka meno.

Mlio huo ndio uliompokea Mshenga mlangoni. Mnada ulikuwa umeahirishwa.

Alichukua uzi, akapima mwenyewe. Akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akaangalia kwa jicho moja.

"Umepanua, hujanyoosha masikio."

Binti akachungulia. Kweli. Pande mbili zikitanuliwa, masikio hayatazamani tena sawasawa, na lile la kulia, lililobeba mkono wa gia, lilikuwa limegeukia ndani.

"Mlimani, kwenye gia nyepesi kabisa, mkono huu ungeingia kwenye spoku. Ungekwenda chini na magari nyuma yako."

"Ningeona, baba."

"Hukuona." Akamgeukia shemeji yake. "Na wewe umesimama hapo."

"Mimi si fundi."

"Wewe ni muuzaji. Ungemuuzia na jeneza."

Akabana fremu kwenye vaisi, akakamata sikio kwa spana ndefu, akalikunja nje. Chuma kikalia. Akapima, akakunja tena, mpaka yakatazamana. Akaufunga tena mkono wa gia, akaishusha baiskeli chini, akamsukumia binti yake.

"Yako. Ila isivuke kizingiti hiki tena. Ikilia, ikilegea, tafuta fundi mwingine."

"Mimi nafanya kazi hapa."

"Wewe ingia. Yenyewe ibaki nje."

"Basi na mimi nabaki nje." Alikusanya spana zake, akaondoka na baiskeli.

Timu aliipata. Wenzake walipouliza habari za gurudumu aliwaelekeza dukani kama walivyokubaliana, na kwa kuwa walihitaji mtu wa kuwafungia, aliweka vaisi yake kwenye kona ya duka la anko wake. Biashara haikuwahi kuchangamka vile. Nyumbani, mke wa muuza vipuri alikuwa hamsemeshi mumewe mpaka aende kwa kaka yake kusuluhisha. Akaenda.

Mshenga alikuwa anapiga tupa peke yake. Ukutani misumari ilikuwa mitupu, na kazi za wateja zimerundikana mpaka mlangoni.

"Umepata wateja, shemeji?" fundi alimuuliza.

"Nimepata."

"Na fundi umepata."

"Amekuja mwenyewe."

"Vipuri vyangu nitanunua kwingine," Mshenga alisema bila kuinua kichwa. "Dada yangu mwambie umekuja, umenikuta mzima."