Kaputula ya Musu na Kaputula ya Lusenda

Siku yangu ya kwanza ya kazi, pale Swima, Titulaire alinipa vitu tatu: kinga, ndiyo baiskeli, kiboksi cha baridi, na daftari ya batoto. Titulaire ni ule muuguzi mwenye kuongoza kituo cha afya. Hata munganga mukubwa akija, ufunguo wa frigo ya chanjo iko kwake. Huyu wetu alikuwa muntu murefu, musafi, wa maneno kidogo. Aliniangalia toka kichwa mpaka miguu, kikwembe yangu imefungwa vizuri kiunoni, akauliza:

"Mama, unajua kupanda kinga?"

"Najua, shefu."

"Unajua kuikalia masaa tatu?"

Nikacheka. Nilifikiri anatania. Ile mangaribi nilikula bugali na ndakala nikiwa wima kandokando ya meza, na bwana yangu akaniuliza kama mimi na kiti tumegombana.

Nyinyi batoto ba leo munaona chanjo inakuja na pikipiki, munafikiri ilikuwa hivyo siku zote. Sisi tulibeba kwa kinga. Ndani ya kiboksi unapanga vipande vya barafu pembeni, chupa za chanjo katikati, unafunga, unakimbia. Kwenye kila kachupa kuko kaalama: duara, na ndani yake kamraba keupe. Joto ikiingia, kale kamraba kanaanza kuwa keusi polepole. Kakifanana na duara, basi, ile dawa imekufa. Unaimwaga, hata kama batoto makumi bamepanga mustari mbele yako.

Superviseur, mukubwa wa chanjo aliyekuwa anatoka Baraka kutukagua, alipenda kutuambia kwenye mukutano: "Chanjo haina miguu na haina matako. Wewe ndiye uko navyo. Uvitunze!" Tulikuwa tunacheka, lakini alisema kweli tupu. Kama matako yako inauma, unashuka. Ukishuka, unasukuma kinga. Ukisukuma, barafu inayeyuka.

Juu ya ile maumivu, mi nilienda soko ya Baraka kutafuta kaputula ya kinga, ile yenye kushonewa kitu laini chini. Fundi mumoja pale alikuwa anazishona mwenyewe, anaweka musu, ile sponji ya godoro, ndani, nene kama mukate. Akanisukumia moja mukononi. "Bonyeza, mama, bonyeza! Utalala juu yake!" Nikabonyeza. Kidole ikazama yote. Nikachagua ile nene kupita zote, nikaivaa chini ya kikwembe, nikarudi Swima na furaha kama bibi arusi. Na musiniambie nilikuwa mujinga. Sisi bote tunanunua hivyo: godoro kwa kidole, parachichi kwa kidole, na kaputula vilevile.

Pale Swima ile kaputula ilinisaidia. Vijiji vilikuwa karibu, unafika kabla haijakuchosha. Shida ilianza wakati balinihamisha Lusenda, kisha ile kambi ya bakimbizi Barundi kufunguliwa. Batoto balikuwa bengi, na njia za vijiji vya nyuma zilikuwa ndefu, mawe juu ya mawe. Pale nilimukuta tena ule ule Titulaire. Balikuwa bamemuhamisha mbele yangu. Na ile musu sasa ikaonyesha tabia yake. Inakunywa jasho yote. Inajikunja, inakimbilia upande moja. Na mushono wa katikati, ule fundi alipitisha na uzi wa gunia, unakukata pale pale penye umekalia. Nikatoka jipu. Likapona, likatoka ingine.

Halafu ikafika ile siku. Nilisukuma kinga karibu nusu ya njia, nalia. Nilipofika kijiji cha mwisho nikafungua kiboksi: tumraba twote tweusi. Bamama balikuwa bananingoja toka asubui, batoto mugongoni. Nikabaambia barudi nyumbani. Mama mumoja hakukasirika hata kidogo, akasema tu, "Haya, siku ingine," na ile iliniumiza kupita jipu.

Titulaire alipoona chupa hakupiga kelele. "Mama," akasema, "hii barabara haina dawa. Mi naijua. Nitakuwekea kiti hapa biro, ndani ya ofisi, utaandika daftari. Kinga tutamupa mwengine."

Ayi, Mungu wangu! Biro! Mi niliyezoea kusikia batoto bakiimba "Mama Sindano anakuja!" kabla hata sijaonekana kwenye kona, nifungwe na kalamu? Nilipenda ile njia. Nilipenda harufu ya mihogo yenye kuloweka, nilipenda bamama kunicheka vile kikwembe inapepea. Nikamuomba: "Shefu, nipe wiki mbili."

Akafunga daftari. "Wiki mbili," akasema. "Chupa zikirudi tena nyeusi, tusisumbuane."

Kwenye soko ya kambi kulikuwa Murundi mumoja anatengeneza kinga, tulimuita Baba Aline. Kwao alikuwa anakimbiza kinga kwenye mashindano. Kwa haya nilimueleza shida yangu nusunusu, akaelewa. Akatoa kwenye sanduku kaputula nyeusi, mupya, ndugu yake alimutumia toka Bujumbura. Nikabonyeza. Kidole haikuzama hata! Kale kalaini ka ndani kalikuwa kembamba, kagumu kidogo, kipande kimoja bila mushono.

"Baba Aline, unaniuzia karatasi?"

"Mama, kidole hakipande kinga," akajibu. "Ile nene inakufurahisha sokoni. Hii itakufurahisha kule mbele."

Aliponitajia bei nilitaka kukimbia. Ilikuwa sawasawa na ile mali niliyoweka akiba ya kununua kikwembe ya sikukuu ya bamama. Musisahau vile iko kwetu: ile siku bamama bote ba kazi moja banavaa kitambaa moja, banatembea pamoja, na mwenye hana anajulikana toka mbali. Benzangu ba kituo balikuwa bamekwisha kushonesha. Nikafunga macho, nikalipa kaputula. Benzangu balinicheka mpaka basi. "Mama Sindano atapita mbele ya bakubwa na kaputula!"

Siku ya kwanza ya kuivaa nilitoka na nguvu. Mbele hata ya kufika kijiji cha pili, moto! Pale pale, tena mubaya kupita zamani. Ni Mungu tu alisaidia ile siku njia ilikuwa fupi. Nilirudi moja kwa moja sokoni, nikatupa kinga chini.

"Baba Aline, nirudishie kikwembe yangu! Umenidanganya!"

Bantu bakageuka. Baba Aline akainama. "Pole, mama. Sasa... unaivala namna gani?"

"Namna gani? Kama bantu bote!"

 Baba Aline akaanza kutafuta ufunguo wa nati, na ule ufunguo alikuwa nao mukononi. Mwisho akaita bibi yake. Mama Aline akanivuta nyuma ya hema, akainama kwenye sikio yangu.

"Ndani ya ile kaputula, umevaa nini?"

"Chupi! Mi si ni mama wa kanisa?"

"Itoe."

"Nini?"

"Mama, mufichauchi hazai, acha nikuambie. Ile kaputula inavaliwa peke yake. Chupi iko na mishono, na mishono ndiyo inakukata. Ukifika nyumbani unafua, unaanika. Ni ile tu. Bwana yangu hawezi kukuambia, unamuzidi miaka."

Nilicheka mpaka machozi. Mama Aline naye akacheka, tukashikana mabega pale nyuma ya hema, na Baba Aline kule mbele anagonga chuma kwa nguvu ili asisikie.

Wiki ya pili nikaenda mpaka kile kijiji cha mwisho. Sikushuka hata mara moja. Nikafungua kiboksi: tumraba tweupe, pe! Ule mama wa "siku ingine" alikuwa wa kwanza kwenye mustari. Mutoto wake alinipiga teke ya tumbo, na mi nikamubusu.

Titulaire alichukua chupa zenye zilibaki, akazigeuza moja moja kwenye mwangaza wa dirisha. "Umefanya nini?"

"Nimenunua kaputula nzuri, shefu."

Nikaishia pale. Ningemuambia nini, muntu mukubwa vile, juu ya chupi? Akaniachia kinga. Siku ya bamama nilitembea mwisho wa mustari na kikwembe yangu ya zamani, na kusema kweli nilikuwa ninaringa.

Kisha pale nilifanya kazi Baraka, nikafanya Fizi. Kwa Bibokoboko, kule milimani, kinga inabaki chini, unapanda na miguu, na bachungaji banakupa maziwa. Basi, mwenye kuuliza achague kaputula gani, jibu yangu ni hii. Kama unaenda sokoni na kurudi, ile ya musu inatosha, usimwage mali bule. Kama unakaa juu ya kinga toka asubui mpaka muchana, nunua ile ya bei, nyembamba, bila mushono chini, hata kama utakosa kikwembe. Na zote mbili, vaa peke yake.

Siku ya kuingia pensheni, benzangu ba Fizi balinifanyia karamu ndogo. Titulaire wangu wa zamani naye alikuja, kichwa nyeupe yote, naye yuko pensheni. Baliponiambia niseme neno, nikasema, sina tena mukubwa wa kuogopa, nikabaelezea yote: musu, Baba Aline, nyuma ya hema. Bamama bakapiga vigelegele. Banaume bakacheka pia, lakini niliona babili batatu banaangalia miguu yao.

Bantu bakianza kula, Titulaire akavuta kiti karibu yangu.

"Mama, ile ya... peke yake kabisa?"

"Peke yake kabisa, shefu."

Akaweka sahani chini. "Mbele ya kuwa Titulaire, nilikuwa wa chanjo, kama wewe," akasema. "Padri mumoja alinipa kaputula ya Ulaya, ya bei sana. Ikanikata miaka mbili. Nikaona barabara imenishinda, nikaomba biro." Akageuza kopo yake mukononi. "Nilipenda ile kazi, mama."

Nikakumbuka zile chupa. Ile siku pale dirishani jibu ilikuwa mukononi mwangu, na haya ikanifunga kinywa. Alikuwa bado na nguvu ya kupanda. Nikamuomba musamaha.

"Acha," akasema, na akaanza kucheka kidogokidogo. "Kinga yako, iko na upepo?"

Kesho yake asubui alikuja kwangu. Nikamutolea kinga, nikamushikia wakati anapanda. Akaenda mpaka juu ya kilima cha kanisa, akateremuka anapiga kengele, akapita mbele ya nyumba yangu bila kusimama, akapanda tena. Nilimungoja mulangoni mpaka chai ikapoa.