Ukurasa Uliorukwa

Siku fundi alipomwona mama yule kwa mara ya kwanza, alidhani amekuja kulalamika juu ya kelele za mashine. Alikuwa amesimama nje ya kibanda cha kopi, nyuma ya wanafunzi wa chuo cha uuguzi waliokuwa wakisukumana kama mbuzi mlangoni pa zizi, naye hakusukuma wala hakusukumwa. Alikuwa mzee, mwembamba, amevaa sweta la kijivu na viatu vyeupe vya wauguzi vilivyopakwa rangi mara nyingi hata nyufa za ngozi zikajaa. Aliyetaka kumpita kwenye foleni alimpisha. Mwishowe wanafunzi wakaisha, akabaki yeye.

"Shikamoo, mama," fundi akasema, macho yakiwa kwenye karatasi.

Ndivyo alivyokuwa. Mvi zilishamwingia juu ya masikio, lakini kumtazama mgeni usoni kulikuwa kumemshinda tangu utoto. Shule aliishia ya msingi, na tangu hapo alizungumza zaidi na mashine kuliko na watu. Shemeji yake, kaka wa mkewe na mwenye kile kibanda, alimwita Bubu, naye akaitika.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnacho kile kitabu cha watoto njiti."

"Kipo."

Kilikuwepo, tena kati ya vitabu vyote vilivyojaa ndani ya kompyuta ile kuukuu, hicho ndicho kilichotoka kuliko vingine. Kilikuwa kitabu chembamba cha kuwafundisha akina mama kuwalea watoto waliozaliwa kabla ya wakati: namna ya kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, namna ya kumnywesha maziwa kwa kikombe, dalili za kumkimbiza hospitali. Madukani kilishakwisha, na hata kilipokuwepo, mtu aliuliza bei yake mara moja tu, kisha akakirudisha rafuni taratibu kama aliyeshika mali ya wenyewe. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi ndiye aliyeleta nakala yake, fundi akaiskani, na tangu siku hiyo faili likaota miguu. Lilihama kwa flashi, kwa simu, kwa makundi ya akina mama, likafika hata mahali ambapo gari haifiki.

Fundi akachapa nakala, akaibana kwa stepla, akampa. Yule mama hakuangalia jalada. Alifungua karatasi ya kwanza, akaifunga, akaifungua tena. Akalowesha kidole kwa ulimi, akaisugua ncha yake kana kwamba zilikuwa karatasi mbili zilizoshikana.

"Hapa pana ukurasa umerukwa."

"Haturuki sisi, mama," shemeji akadakia kutoka ndani, mdomo umejaa mkate. "Ukileta kurasa mia unaondoka na mia. Wanaoruka ni wale wa ng'ambo ya barabara."

"Ulikuwa mbele ya sura ya kwanza. Una mstari mmoja tu."

"Sasa mama, mstari mmoja nao ni ukurasa? Hapo mwandishi alikuwa anavuta pumzi!"

"Mwandishi ni mimi," mama akasema.

Mkate ukamkwama shemeji kooni. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, akazima mashine, kisha akaanza kulisukuma kwa mguu rundo la nakala chini ya meza. Hawakuwa wamesahau jinsi jirani yao mmoja alivyobebewa mashine zake zote kwa ajili ya mambo ya hakimiliki, akageuka muuza vocha.

"Mama yangu," akasema kwa sauti mpya kabisa, sauti ya msibani. "Sisi hapa ni kama vinyozi. Mtu analeta kichwa, tunanyoa. Hatuulizi kichwa ni cha nani."

"Basi hiki kichwa ni changu, na mmekinyoa hadi nyusi."

Fundi alibana midomo asicheke. Mama alimwona, na uso wake ukalegea kidogo.

"Sikuja na askari," akasema. "Kitabu hiki niliwaandikia wanawake wasio na kitu. Wachapaji wakakitia bei, kikaenda kukaa kwenye makabati ya maofisi, kwa watu wenye kila kitu isipokuwa mtoto njiti. Ninyi ndio mliokifikisha kwa wenyewe. Siwagombezi, ingawa hata salamu yenu sikuiona. Nataka ukurasa wangu tu."

Shemeji alimtazama fundi. Fundi alitazama sakafu.

Yeye alijua ukurasa ule umekwenda wapi. Katika kazi yao mteja hulipa kwa ukurasa, na ukurasa wenye maneno mawili matatu ni ugomvi: "Na hii tupu umenihesabia?" Kwa hiyo vibanda vyote vilikuwa na desturi moja. Kitabu kikishakatwa mgongo, kurasa tupu na zile za maneno machache huwekwa kando kabla ya kuingizwa kwenye skana, kama mtu anavyomenya muhindi. Hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa ni kosa. Maganda yale hufutia wino.

"Ni mimi niliyeutoa," akasema. "Huwa tunazitoa za namna hiyo. Kitabu nilikigundisha upya bila huo, yule mwanafunzi akaondoka nacho. Huo ukurasa... tuliufutia mashine, mama."

"Uliusoma?"

"Hapana."

Mama akakaa juu ya boksi la rimu bila kukaribishwa. Nakala ile aliyoileta mwanafunzi, akasema, ndiyo iliyokuwa yake ya mwisho. Alimpa mwenyewe kwa mkono wake. Nyumba ya wachapaji ilishafungwa, na mtambo wao ukauzwa kama chuma chakavu. Kisha, polepole, kama mtu anayefungua bandeji juu ya kidonda, akaeleza.

Alikuwa muuguzi mpya, ameolewa juzijuzi, alipojifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake, kwenye wodi ileile aliyokuwa akifanyia kazi. Mtoto alienea kwenye kiganja na kipande cha mkono. Alizaliwa asubuhi, akalia, na mchana hakuwepo. Enzi hizo mtoto wa kiasi kile haandikwi. Hapewi cheti, hapewi hata kaburi lake. Hospitali ilizika yenyewe, mahali ambapo hakuna aliyeonyeshwa. Nyumbani mumewe alisema yaliyopita si ndwele. Mama mkwe akawaambia majirani kwamba mimba imeharibika.

"Mimba hailii," mama akasema. "Mimi nilimsikia. Nilimpa jina kabla hajakata pumzi, jina la mama yangu. Lakini nilipolitaja watu waliinamisha vichwa, nikaacha kulitaja."

Mumewe alikuja kuoa kwingine. Yeye akabaki wodini miaka yote ya kazi yake, akiwashika watoto wa wenzake waliozaliwa wadogo hivyohivyo. Mwaka kwa mwaka alijifunza vitu vidogo ambavyo vingetosha kumwacha binti yake hai: kifua cha mama, kofia ya sufu, kikombe badala ya chupa. Alipostaafu akaviandika vyote. Na mbele ya sura ya kwanza akaweka mstari wake: *Kwa binti yangu*, kisha jina, kisha neno moja, *aliyelia*.

"Duniani kote jina lake liliandikwa mahali pamoja," akasema, akainuka, akajipangusa sketi.

Shemeji, ambaye kunyamaza kwake kulikuwa kama jua kukosa kuchomoza, aliirudishia mashine umeme bila neno.

Fundi akavuta kibao cha kompyuta. Mama akamtajia, naye akaandika kwa vidole viwili. Akauliza kama apambe kidogo, aweke ua pembeni kama kwenye kadi za harusi.

"Usipambe. Katikati. Peke yake."

Tangu siku hiyo kila nakala iliyotoka kwenye kibanda kile ilikuwa na ukurasa ule. Wateja hawakukosa la kusema. "Fundi, karatasi hii imekaa tupu, nayo umenihesabia?" Akawajibu kwamba hiyo haina malipo. Shemeji akanung'unika kwamba karatasi haikui shambani kama magugu, lakini hakuizuia.

Shida ilikuwa lile faili la zamani. Maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikuja nalo limeshajaa kwenye simu zao, bila ule ukurasa, wakasema "nitolee tu hili." Fundi, mtu wa kuongea na meza, akaanza kuwasimamisha wageni mlangoni.

"Dada, hilo lina upungufu. Ngoja nikurushie lililokamilika. Ni bure."

"Upungufu gani?"

"Ukurasa wa mbele."

"Una nini?"

"Jina."

Wengine walikubali. Wengine walimcheka wakauliza kama ameanzisha dini. Mmoja alimwambia kitabu ni dawa, na dawa haina haja ya jina la mgonjwa. Fundi akaenda hadi kwenye vibanda vya ng'ambo, alikokuwa hajakanyaga tangu aanze kazi, akawaomba wabadilishe lao. Walimtazama kama aliyekuja kuomba figo. "Bure tu?" wakauliza. "Kuna nini ndani?" Wakampokelea flashi, kama walilibadilisha au walilitupa, hakujua.

Mama alikuwa akipita siku za Jumamosi. Alikaa kwenye boksi la rimu, akampa fundi nusu ya andazi lake na kumuuliza habari za watoto wake kwa majina, mmoja mmoja. Ndipo aliposema, "Haya, tuambie." Fundi alimwambia ukweli: leo wamechukua kadhaa, leo hakuna, leo ameliona lile la zamani kwenye simu ya mtu aliyetoka mbali sana. Mama alitikisa kichwa. Siku moja alisema kwamba angependa, walau mara moja, amwone mtu asiyemjua akilisoma jina lile bila kuambiwa alisome. Amwone tu, kwa mbali. Hakusema tena, wala hakuhitaji. Fundi hakuweza kulitoa kichwani, akawa analitafuta jambo hilo kila mteja akifungua nakala. Lakini watu wote hufungua sura ya kwanza moja kwa moja.

Jumamosi moja hakuja, wala iliyofuata. Kisha binti wa dada yake, aliyekuwa akiishi naye, akaja kibandani na kanga mabegani akauliza fundi ni yupi. Shangazi, alivyopenda kumwita mama yake mdogo huyo tangu utotoni, alikuwa amelazwa. Miguu ilivimba, na moyo, walisema, umechoka.

Fundi alikwenda saa ya kuwaona wagonjwa, amevaa shati lake la ibada. Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu, vitanda vimekaribiana hata mtu alipita kwa ubavu. Mama alikuwa amelala chali, mdogo kuliko shuka. Alimshika fundi kidole badala ya mkono, akamwelekeza kwa macho upande wa pili: sikiliza.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke kijana aliyezaa kwa upasuaji. Mtoto wake alikuwa chumba cha joto, hajatimia. Mama huyo kijana alishika simu juu ya kifua na kuwasomea wenzake wawili, mmoja hajui kusoma na mwingine macho yanamsumbua. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Sura ya kwanza. Mtoto wako ni mdogo, lakini si mgonjwa. Anahitaji joto lako kabla ya kitu kingine..."

Mama alifumbua macho yote.

"Binti yangu," akasema, sauti kama karatasi. "Anzia mwanzo."

"Ndiyo mwanzo huu, bibi."

"Kabla ya hapo hakuna kitu?"

Yule kijana akarudisha kwa kidole gumba, akapeleka mbele, akarudisha tena. "Jalada tu, bibi. Halafu sura ya kwanza."

"Haya. Endelea, mama. Unasoma vizuri."

Akageuzia uso ukutani. Hakusema kwamba kitabu ni chake, wala hakumlaumu mtu. Ila kile kidole cha fundi alikuwa bado amekishika, na fundi alihisi mkono ule ukilegea, kidogo kidogo, kama mtu anayeachia kamba ya ndoo kwa sababu ameshajua kisima ni kikavu.

Fundi alisimama. Kiti kilikwaruza sakafu, wodi nzima ikageuka.

"Samahani, dada," akasema. "Mbele ya hapo pana ukurasa. Ni mimi niliyeutoa. Haumo kwenye hilo lako, lakini upo."

"Unasemaje?" aliuliza yule kijana.

Fundi akausema. *Kwa binti yangu*, akasema, kisha akataja jina, kwa sauti kubwa kuliko aliyokusudia, kisha akasema, *aliyelia*.

Mama kijana aliishusha simu. Alilirudia lile jina taratibu, kwa midomo tu kwanza, halafu kwa sauti.

"Zuri," akasema. "Alipona?"

Fundi alimtazama usoni. "Alilia," akasema.

Kijana yule aligeuza macho kuelekea mlango wa chumba cha joto. Mwenzake asiyejua kusoma akalitaja jina naye, akiuliza kama amelisikia sawasawa, akaambiwa ndivyo.

Fundi alikuwa akijiandaa kukaa aliposikia kidole chake kinavutwa. Mama alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Uso wake ulikuwa umelowa hadi masikioni, na alikuwa akionyesha kwa kidevu kitanda cha mwisho kabisa, chini ya dirisha, alikoketi mwanamke mmoja akisuka nywele zake, hana habari. Kesho yake fundi aliporudi alikuta godoro limekunjwa, kwa hiyo haya ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho mama kumwambia:

"Sema tena, mwanangu. Yule wa dirishani hajasikia."