Baba Mkwe Mlangoni mwa Banda la Gemu

Gemu nimeiacha mara tatu: nilipofeli kidato cha nne, nilipooa, na nilipochaguliwa mzee wa kanisa. Juma lililopita pale Nyaishozi, foleni ya kupima kahawa haikusogea, nikajipenyeza kwenye banda la gemu lililo jirani, kama mtu anayekwepa jua.

Nilikuwa naongoza bao moja dhidi ya fundi viatu, kivuli kikaziba mlango. Baba mkwe. Kwetu mkwe husalimiwa kwa mikono miwili, umeinama. Nikaweka padi ya kuchezea chini, nikainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, macho yakiwa kwenye skrini.

Fundi viatu akatumia nafasi hiyo kunifunga. Nikaanza kujieleza habari za foleni, mzee akanigusa bega.

"Salamu ingesubiri mpira utoke nje," akasema taratibu. "Haya, sogea, zamu yangu imefika; tangu umwoe binti yangu sijashika padi. Mama mkwe wako akiuliza, tulikuwa mzanini."

Nikaiokota padi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nilipooa, gemu niliiacha kwa kumwogopa mzee huyu. Kumbe naye, alipopata mkwe, aliiacha kwa kuniogopa mimi.