Siku Watu Walipomcheka Osmunda

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, ukumbi mzima uliangua kicheko mahali palipostahili machozi, na aliyewachekesha nilikuwa mimi. Mwanangu, umeniambia huko shuleni mnatunga igizo lenu wenyewe, bila kitabu, ukaniuliza taa uziweke wapi. Nitakujibu. Ila kwanza nivumilie nikupitishe nilikopita, maana kupotea njia ndiko kujua njia.

Nilikuwa mwalimu kijana, Mnyasa wa Mbamba Bay, nikapangiwa kufundisha huku juu kwa Wamatengo, kijiji cha mlimani upande wa Kitura. Ilikuwa miaka ile ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa kahawa, na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milima na malori yao. Mambo mapya yalikuja nao: redio za kaseti, mitumba, jenereta. Nami chuoni nilikuwa nimejifunza sanaa za maonyesho kidogo, na hicho kidogo kilinivimbisha kichwa. Nikakusanya kikundi cha vijana, tukakubaliana kutunga igizo kutokana na jambo lililotokea kweli hapo kwetu.

Jambo lenyewe alitupa Mama Osmunda, mjane aliyekaa jirani na shule. Binti yake, Osmunda, alishikwa na uchungu wa kuzaa mumewe akiwa safarini Songea. Baba mkwe akasema mtu asimtoe nyumbani mpaka mume mwenyewe arudi. Wakasubiri siku mbili. Walipombeba kwa machela kumpeleka hospitali Litembo, hawakufika. Alifia njiani, kati ya mashamba ya ngolo, yale ya mashimo kwenye miteremko, na mtoto tumboni. Mama alitusimulia haya akichambua maharage, bila kuinua macho. Mwisho akasema, "Chukueni. Labda litamsaidia binti wa mtu mwingine."

Nikalichukua, mwanangu, nikaenda kulipamba.

Niliazima jenereta na spika kwa mnunuzi mmoja wa kahawa. Balbu nikazifunika kwa karatasi za nailoni, nyekundu na buluu. Nikaunganisha meza za darasani ziwe jukwaa, juu kabisa, ili tuonekane. Filomena, fundi cherehani aliyeigiza Osmunda, nikampa kipaza sauti nikamwambia alie kwa nguvu zake zote. Usinishangae: sisi wa mwambao wa ziwa tumekua tukiitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, na kwangu sauti kubwa ndiyo ilikuwa sauti. Aliyeigiza baba mkwe nikampaka masizi usoni na kumvika ndevu za katani.

Basi Filomena alipolia, spika ikapiga mluzi. Taa nyekundu zikawaka, zikazimika, zikawaka. Watoto wakaanza kucheka, kisha wakubwa, kisha hata baba mkwe wetu wa jukwaani, mpaka ndevu zikamdondoka. Mama Osmunda alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akainuka, akajifunga kitenge chake upya, akatoka. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Siku ile debe lilikuwa mimi.

Kesho yake nilikwenda kwake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, tena si kwa hasira. "Nani alikuambia mwanangu alipiga kelele?"

Nikaanza kumweleza habari za kipaza sauti.

"Mtu mwenye uchungu wa siku mbili hana kelele, Mwalimu. Osmunda alinong'ona. Mimi ndiye niliyesogeza sikio. Mbona hukuuliza?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi sikukilalia, wala sikumuuliza aliyekilalia. Basi nikaanza kuuliza, na kadiri nilivyouliza ndivyo nilivyotaka kujua zaidi. Chumba kilikuwaje? Giza, akasema, ila palikuwa na dirisha dogo la ubao, na mwanga ulimwangukia Osmunda mkononi, hapa, kwenye kiganja. Watu walikaa wapi? Ukutani, pande zote mbili, kila mmoja akingoja mwenzake aseme neno. Na baba mkwe?

"Mlangoni. Alikuwa ametugeuzia mgongo."

Nikamwomba twende naye ukumbini. Alisita kidogo, kisha akavaa kandambili zake. Tulifunga madirisha yote ya mbao, giza likatanda mchana kweupe. Nikafungua moja: mwanga ukamwagika sakafuni kote, haukusema lolote. Nikalifunga, nikafungua la pili. Mama akaniambia, "Usifungue lote. Acha upana wa mkono." Nikamwita Filomena aje alale pale chini. Mwanga ukamkuta begani. "Asogee," akasema Mama. "Tena. Tena kidogo." Ulipomfika kiganjani, yule mama alivuta pumzi akaketi. Nami nikasimama nimeduwaa, maana jenereta zima halikuweza kufanya kile kilichofanywa na ubao mmoja uliosogezwa.

Nikamuuliza tumpake nini usoni baba mkwe.

"Msimwonyeshe uso kabisa," akasema. "Mkimpa uso, watu watamtafutia jina, watatoka wakisema ni fulani. Mkimpa mgongo, kila mtu atamwona baba wa nyumbani kwake."

Hapo ndipo nilipojua, mwanangu, kwamba nilikuwa mwanafunzi na mwalimu alikuwa huyu aliyevaa kandambili.

Baada ya wiki mbili tukaigiza tena, saa kumi alasiri. Hapakuwa na jukwaa. Mabenchi tuliyapanga pande mbili yakitazamana, katikati tukaacha njia nyembamba kama ya mlimani. Filomena alinong'ona. Mwanzoni watu wa nyuma walilalamika kwamba hawasikii. Kisha wakanyamaza, wakainama mbele, ukumbi mzima ukasogeza sikio. Machela ilipopita katikati, watu walirudisha magoti nyuma. Kijana mmoja wa wabebaji akajikwaa, kwa bahati mbaya kabisa, na mzee mmoja aliyekuwa akitazama akaruka kutoka kwenye benchi akaweka bega chini ya mwanzi wa machela. Akatembea nao mpaka mwisho. Nadhani alisahau kwamba ni igizo.

Hakuna aliyepiga makofi. Katika ule ukimya akasimama mzee mwingine, karibu na mlango. Alikuwa Mzee Otmari, baba mkwe mwenyewe. Sikujua kama amekuja.

"Mimi ndiye niliyesema tusubiri," akasema, polepole. "Nilidhani ninalinda heshima ya mwanangu."

Mama Osmunda alimgeukia. "Mzazi mwenzangu," akasema, "nimekusikia."

Hakusema amemsamehe, nami nisimsemee. Lakini wiki ile kulikuwa na mkutano wa kijiji, na kila kitongoji kikachagua wabebaji wake; ikakubaliwa kwamba mwanamke mwenye uchungu hangoji ruhusa ya mtu. Mianzi ya machela ya kwanza aliikata Mzee Otmari mwenyewe. Machela ile ilitumika mpaka blanketi lake likachanika, akinamama wakalishona upya.

Sasa jibu lako, mwanangu. Kabla ya kuuliza taa iwekwe wapi, uliza jambo hili ni la nani, kisha nenda ukakae miguuni pa mwenyewe. Yeye atakuambia mwanga ulitoka upande gani. Sauti usiikuze kwa sababu una kipaza sauti. Pengine ndogo ndiyo itakayowavuta watu wakaribie. Na usiwakalishe watazamaji mahali ambapo hawawezi kuguswa. Ukikosea, kama utakavyokosea, rudi ukapige hodi mapema, wala usijitetee. Kuuliza si ujinga. Mimi ujinga wangu ulikuwa kutouliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie sikio pana kuliko mdomo, akupe watu wa kukuambia ukweli ukiwa bado kijana, na kila atakayekukabidhi uchungu wake asijute kukuamini. Amina.