Ufunguo Nisiotaka Uguswe

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nikienda dukani kununua sukari, macho yangu yako kwenye mizani, siyo kwenye sukari. Watoto wangu wananicheka, lakini siyo wao walioamka asubuhi moja pale Kambarage wakakuta pikipiki haipo, geti limefungwa vizuri, kufuli halina hata mkwaruzo. Aliyeichukua aliingia kwa ufunguo. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimempelekea fundi mmoja funguo za geti na za pikipiki anichongee za akiba. Ushahidi sina. Lakini toka siku hiyo nilijiapiza kwamba ufunguo wangu hautachongwa tena na mtu yeyote.

Kwa hiyo nilipokuja kununua gari, kigari kidogo cha kupelekea vitenge machimboni, nikapewa ufunguo mmoja tu, wala sikulalamika. Aliyeniuzia alisema wa pili ulipotea huko huko Japani. Hilo nalo nililishuku. Kwa miezi kadhaa kila nilipoegesha gari nilikuwa naweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, majirani wakidhani breki hazifanyi kazi.

Kilichonisumbua ni ganda la ule ufunguo. Plastiki ilipasuka, vitufe vikazama ndani, nikawa naufunga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Siku moja nikampelekea fundi mwingine hapo mjini Shinyanga. Nilimwonyesha tu, sikumpa.

"Mama, una njia mbili," alisema. "Kubadilisha kava, huo ni urembo, ndani kunabaki kule kule. Au tukuchongee mpya kabisa, tuutambulishe kwenye gari kwa mashine, uwe nazo mbili. Mimi nakushauri mpya. Huu ukifa, gari linalala."

Nikamuuliza, hiyo mashine ikishachomekwa, gari linaweza kukubali funguo ngapi? Akacheka. "Hata nne, mama."

Nikamuaga. Nilifika Ibadakuli, nje ya mji, bado nalitafuna lile neno. Hata nne! Na kati ya hizo nne, ngapi zingekuwa mfukoni mwangu? Palepale nikaamua kwamba nitabadilisha ganda tu, na nitalibadilisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Ganda nililipata machimboni Rwamgasa, siku ya safari yangu ya kuuza vitenge. Pale kuna baraza ninalopenda kupumzikia, na wapangaji wake ni wawili. Upande mmoja yupo fundi wa simu na funguo, mwanamume wa makamo kutoka Tanga, mwenye adabu nyingi mno kiasi cha kunifanya nimshuku. Upande wa pili yupo mama wa Kisukuma anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Ana mizani yake ndogo, jiko la mkaa na ufagio. Ufagio huo haushikwi na mtu mwingine. Baraza lote analifagia yeye, hadi chini ya meza ya fundi, na vumbi halitupi: analimwaga kwenye ndoo yenye mfuniko, likijaa analiosha, kwa sababu punje zinazodondoka wakati wa kupima zinabaki humo. Wanunuzi wengi wanafanya hivyo. Mimi ile ndoo nilikuwa naitazama kwa jicho la pembeni kila nikija.

Siku hiyo nilikaa kwenye kigoda, kipande cha tikiti mkononi, nikamwambia fundi aniuzie ganda. Akanipa la rangi ya dhahabu, linang'aa ungedhani ni kipuli cha bibi harusi.

"Niachie mimi nikuwekee, mama. Kuna kitu kidogo humo ndani, kinaweza kuanguka."

"Nikuachie kwa nini? Macho ninayo."

Akarudi kwenye kiti chake. Mimi nikamaliza tikiti, nikafungua ufunguo kwa ncha ya kisu juu ya mapaja yangu. Nikahamisha kile kibao chenye vitufe, nikahamisha betri, nikahamisha chuma. Ganda la zamani nikaliweka mezani kwa fundi. Nikapangusa mbegu za tikiti mapajani, nikasimama, nikabonyeza. Gari likalia, taa zikawaka. Nilimtazama fundi kwa majivuno ambayo mpaka leo yananiaibisha.

Tukapiga soga na mama wa dhahabu, yeye akifagia, kisha nikaenda kuwasha gari. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Kwenye dashibodi kataa kadogo kenye alama ya ufunguo kakawa kanawaka na kuzima. Fundi akaja, akachungulia, akasema kwa upole, "Mama, chipu haimo. Bila hiyo gari halikutambui."

Nilikumbuka nimemwona akilishika lile ganda la zamani.

"Uliligusa ganda langu!"

"Nililisogeza tu, mama, nipate nafasi."

"Umeichomoa! Unataka nikuachie gari hapa, unichongee funguo nne!" Na kabla sijafikiri, likanitoka lile neno. "Mwizi!"

Aliyewahi kuishi machimboni anajua neno hilo linavyofanya kazi. Halina haja ya kurudiwa. Wanaume walitoka vibandani, mmoja na sururu, mwingine na nondo, na hakuna aliyeuliza kimeibwa nini. Fundi hakukimbia. Alirudi kwenye kiti chake, akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza ili kila mtu aione. Nami, Mungu anisamehe, nilichowaza wakati ule ni kwamba anajua kuigiza.

Mama wa dhahabu akasimama mbele ya ile meza na ufagio wake.

"Mayu," aliniita mama kwa Kisukuma, "ulikuwa umekaa wapi?"

Nikamwonyesha kigoda.

"Nimeshafagia hapo." Akawageukia wale wanaume. "Ngojeni. Vumbi langu halijatoka hapa."

Akaleta ndoo. Mmoja wao akasema aletewe karai na maji aoshe haraka. "Yaya," alikataa, "dhahabu ni nzito, inabaki. Kitu chepesi kitaondoka na uchafu." Akachukua kitenge kimoja kutoka kwenye mzigo wangu bila kuniomba, akakitandika, akamwaga vumbi la juu, akaanza kulipekua kwa vidole. Zikatoka mbegu za tikiti, moja moja, nyeusi. Nyingi. Halafu akashika moja, akaibonyeza kwa ukucha, ikagoma.

"Hii mbegu ina kona," alisema.

"Ndiyo chipu hiyo," fundi alisema, mikono bado iko mezani.

Nikakumbuka paja langu, nikakumbuka mkono wangu ukipangusa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wale wanaume wakatawanyika, mwenye nondo akisonya kama mtu aliyepotezewa muda.

Fundi alifungua lile ganda la dhahabu, akaweka chipu mahali pake. Aliidondosha mara mbili kabla haijakaa. Safari hii gari liliwaka mara moja. Nikalizima, nikarudi.

"Nisamehe, baba."

"Yameisha, mama."

Sikutaka yaishe hivyo. Nilitaka kumpa kitu, na kitu kikubwa nilichokuwa nacho cha kumpa mtu ni kumwamini. "Mashine ya kutambulisha funguo unayo?"

"Ninayo."

"Basi nichongee wa pili. Hapa hapa. Nitakuachia gari, niende kuuza vitenge vyangu." Nikamkabidhi ufunguo mkononi.

Alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Gari lako likiibiwa, hata iwe mwaka kesho, utakuja kupiga kelele hapa. Na siku hiyo huenda dada yangu huyu hajafagia."

Nilifungua mdomo nimwapie kwamba sitafanya hivyo, nikashindwa, kwa sababu najijua. Mpaka leo natembea na ufunguo mmoja.

Nikanyoosha mkono aurudishe. Hakunipa mkononi. Aliuweka ukingoni mwa meza, akaondoa mkono wake, akasubiri niuchukue mwenyewe.