Kijiko cha Mama na Mbasa wa Lipingo

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba hasira hii haijaniisha. Wanawake wenzangu wa jumuiya wameniambia niiache, na padre naye aligusia kwa mbali siku ile nilipokwenda kuungama. Sawa, lakini wao hawajakatiwa kijiko cha mama yao kwa msumeno wa chuma. Nasimulia nikiwa nimenuna, na anayetaka simulizi ya upole akatafute kwa mwingine.

Mimi ni Mmatengo wa Mapera, mtoto wa kahawa na maharage. Nimeolewa huku chini ziwani, Lipingo, kwa mvuvi wa mshipi, yaani uzi na ndoano. Baba watoto hana habari na nyavu. Yeye anavua mbasa, yule samaki mrefu, mweupe kama fedha, ambaye mvua zikikolea hupanda mtoni kutaga. Mbasa hashughuliki na minyoo wala unga wa ugali. Anafukuza dagaa, na ukimtaka inabidi umdanganye kwa kitu kinachong'aa na kuyumba majini kama dagaa aliyeumia. Kitu hicho, kwa wavuvi wa kwetu, ni kijiko.

Nasema kijiko, kile kile cha kulia wali. Unakata mpini. Unatoboa tundu moja huku na moja kule, hili la nyuma unafunga mshipi, lile la nchani unaning'iniza ndoano. Basi, umemaliza. Unapiga kafi polepole, mshipi unaburuzwa nyuma ya mtumbwi, na kijiko kinacheza chini kwa chini. Wageni wanakuja na vidude vyao vya dukani vyenye rangi na macho ya kubandika, wanazunguka kutwa nzima, jioni wanakuja kununua samaki kwetu. Hilo nampa mume wangu haki yake, kuvua anajua.

Ila vijiko ni vyangu! Tangu niolewe sijawahi kufikisha Pasaka nikiwa na vijiko nilivyokuwa navyo Krismasi. Nikinunua vipya Mbinga, kwa yule mzee wa Kiislamu mwenye duka la vyombo karibu na stendi, ananipokea kwa kicheko: "Mama wa vijiko, karibu tena." Siku moja mwenyekiti wa jumuiya alikuja nyumbani kusali, nikamwekea chai, nikaenda kutafuta kijiko. Hakuna. Kabati limebaki na mipini. Jamani, yule mzee wa watu akakoroga chai kwa mpini, akanywa, akasema asante mama. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale, anatazama dari.

Na haombi. Hilo ndilo linalonichoma. Anachukua, anakata, anakwenda ziwani, anarudi anapiga mluzi. Ukimuuliza anajifanya hamnazo.

Sasa, mama alifariki msimu wa kuchuma kahawa. Kwetu, siku ya kumaliza msiba, ndugu wote wanaporudi nyumbani kula pamoja kwa mara ya mwisho kwa ajili ya marehemu, binti wa mwisho ndiye anayepakua mchuzi, na anapakua kwa kijiko cha mama mwenyewe. Hapo inahesabika kwamba mama amewalisha watoto wake, amewaaga. Binti wa mwisho ni mimi. Siku ya mazishi dada mkubwa alinikabidhi kijiko chenyewe, kile kikubwa cha kupakulia, kizito, cha zamani, kilichoisha upande mmoja kwa kukwangua masufuria. Alikifunga kwenye kanga ya mama, akaniambia, "Kitunze. Usije ukaja mikono mitupu, nitakufukuza mbele za watu." Dada yangu akisema atakufukuza, anakufukuza. Nikakiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo za baridi ambazo huku ziwani hakuna anayezigusa.

Wiki ya safari ya kupanda Mapera kumaliza msiba nikafungua sanduku. Kanga ipo, imekunjwa vizuri. Kijiko hakuna.

Sikuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, pale anapofanyia ufundi wake. Nikaukuta mpini wa kijiko cha mama umelala juu ya gogo, na unga wa chuma umemwagika pembeni. Naye amekaa kwenye kigoda, amekishika kile kilichobaki, anakipuliza tundu.

"Hicho ni nini?" nikamuuliza.

"Nilitafuta kizito," akaniambia, wala haoni haya. "Hivi vya siku hizi ni bati tupu, mke wangu. Vinazunguka ovyo, mshipi unajisokota. Hiki hakizunguki, kinayumba. Angalia kinavyoyumba."

"Sijakuuliza kinafanyaje! Nimekuuliza ni nini!"

Hapo ndipo akainua uso. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kijiko cha mama, na kwamba alikuwa anamvulia mama mkwe mbasa. Ebo! Mbasa! Ngoja nikueleze habari ya huyo mbasa. Kila tulipopanda Mapera, mume wangu alikuwa anamwamkia mama, "Shikamoo mama, safari ijayo nakuletea mbasa mzima." Mama anaitikia, "Marahaba mwanangu, nasubiri." Safari ijayo anampelekea dagaa kwenye ndoo. Mbasa wote waliokuwa wakubwa waliishia kwa wanunuzi wa Mbamba Bay. Mama akasubiri mpaka akafa, hajaonja. Sasa amekufa ndiyo mtu anakumbuka ahadi, na anaitimiza kwa kuchukua kijiko cha marehemu na kukikata!

"Ulishindwa nini kuniuliza?" nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia.

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa! Ndiyo maana watu wanauliza!"

Mimi nilikaa chini, mpini mkononi, nikalia kwa hasira. Kuna kulia kwa uchungu na kuna kulia kwa sababu huwezi kumpiga mtu mzima mwenye ndevu zake. Nilipomaliza nikawaza. Kijiko kimeshakatwa, hakirudi kama kilivyokuwa. Nikikificha tena sandukuni, kimekatwa bure, na mama amekosa vyote viwili, kijiko na mbasa. Nikasimama. Nikamwambia kesho kijiko hiki kinakwenda ziwani na mimi ninakwenda nacho, na mshipi nitashika mwenyewe.

Akasema mwanamke hapandi mtumbwi wa mshipi, ni mkosi. Nikamwambia mkosi uko kwenye msumeno wako. Asubuhi tulishuka pwani mbele ya wenzake wote wanaotengeneza nyavu, mimi nimejifunga kanga ya mama kiunoni. Hakuna aliyethubutu kunitania.

Tulielekea pale mto unapoingilia ziwa. Baada ya mvua, maji ya mto yanaingia ya udongo na ya ziwa yako safi, na kati yake kuna mstari unaouona kwa macho. Mbasa anavizia upande wa maji safi, akingojea dagaa wanaotoka kwenye tope. Kwa hiyo huvuki mstari, unaambaa nao. Uzi unauachia mrefu kuliko unavyodhani unatosha, kwa sababu mbasa anaogopa kivuli cha mtumbwi. Kafi inapigwa taratibu. Ukienda mbio kijiko kinapanda juu, ukizembea kinazama na kunasa mawe. Unaupitisha uzi kwenye kidole cha shahada na kusikiliza, na kama kijiko kinacheza sawasawa, kidole kinasikia kitu kinagonga gonga polepole. Mambo haya yote aliniambia akiwa amenipa mgongo, anapiga kafi, na mimi nilimsikiliza huku nimekasirika, maana maelezo ni mazuri na mwenye maelezo ananiudhi.

Tulipita mara ya kwanza, hakuna kitu. Tukapita tena. Nikasikia kidoleni kile kijiko cha mama kinagonga, na nikamkumbuka anavyogonga ukingo wa sufuria kudondosha mchuzi kabla ya kukuwekea sahani. Machozi yakanitoka tena. Nilikuwa bado nayafuta pale uzi ulipovutwa kwa nguvu, nusura nidondoke majini.

"Legeza!" mume wangu akapiga kelele. "Mpe uzi! Akikimbia usimvute!"

Nikalegeza. Uzi ukapita vidoleni ukanichana. Samaki akaruka, akaanguka, akaelekea kwenye mawe. Ukimwachia mbasa akafika kwenye mawe anazungusha uzi pale na kuukata, anakwenda zake na kijiko mdomoni. Hapo sikuwa na habari na samaki kabisa. Nilikiona kijiko cha mama kinakwenda kulala chini ya Ziwa Nyasa, na dada yangu amesimama mlangoni ananingoja.

"Rudisha kijiko cha mama!" nikamfokea yule samaki, haki ya Mungu, kama mwendawazimu.

"Nipe mimi!" mume wangu anasema. "Nipe uzi, utakatika!"

"Hapana!"

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu anioe, akaniambia, "Naomba."

"Hapana!"

Basi akafanya la maana. Akageuza mtumbwi kwa kafi, akakazana kupiga kuelekea maji mengi, samaki akalazimika kutufuata na kuyaacha mawe. Alipokimbia nikampa, alipochoka nikamvuta, hivyo hivyo, mpaka akalala ubavu karibu na mtumbwi. Mume wangu akamshika kwenye mashavu na kumwingiza. Alikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kuwapara. Mimi sikumtazama. Nilimpanua mdomo nikatazama kijiko kwanza, nikakitoa, nikakifunga kwenye kanga.

Samaki tulimbanika mzima, na kichwa chake, tukampandisha milimani ndani ya kapu. Mbinga nikampelekea fundi wa kuchomelea vile vipande viwili. Akaunga mpini, tundu la nyuma likazibika kwenye kiungo. La nchani akasema haliwezi, chuma kimekwisha sana, akilichoma atakiunguza chote. Nikamwambia liache.

Mapera tulifika watu wamejaa uani. Dada mkubwa akanipokea mlangoni, na kabla ya salamu akanyoosha mkono. Nikafungua kanga. Akakigeuza kijiko, akapitisha kidole kwenye kovu la moto, akainua akatazama mwanga kupitia tundu. Akaniuliza nani amefanya hivi. Nikageuka tu nikamtazama mume wangu, amekaa kwenye benchi na wakwe wenzake, na kapu la mbasa miguuni. Kila mtu akamtazama. Dada akarudisha kijiko mkononi mwangu. Akasema, "Pakua." Basi, hakunifukuza.

Mbasa alikuwa ameshavunjwa vipande na kutiwa kwenye chungu kikubwa. Nikaanza kupakua. Kwa wazee, nilikuwa ninaziba tundu kwa kidole, nikaungua, nikaendelea. Kwa dada zangu nilifanya hivyo hivyo. Walikula, wengine wanalia, na dada mkubwa alipoonja akasema mama angekula huyu samaki mpaka miiba.

Mkwe kwetu haji jikoni. Anakaa pale alipowekwa, anapelekewa chakula na maji ya kunawa, ni heshima yake. Nilipoinua uso nikamkuta mume wangu amesimama mbele ya chungu ameshika sahani, kwenye mstari na watoto. Shemeji zake wamekodoa macho.

"Rudi ukakae," nikamwambia. "Utaletewa."

"Naomba unipakulie hapa."

Sawa. Umeomba. Nikachovya kijiko, na safari hii kidole sikuweka. Mchuzi ukachuruzika wote kupitia lile tundu alilotoboa yeye, ukarudi chunguni, na sahani yake ikapata matone. Dada mkubwa akasema nichukue kikombe, watu wana njaa. Nikamwambia hapana, huyu anapakuliwa kwa kijiko cha mama. Mume wangu hakusogea, aliendelea kushika sahani kwa mikono miwili. Nikachota tena, kikavuja tena, nikachota tena, naye akasimama pale pale mbele ya wakwe zake wote mpaka sahani ikajaa.