Mistari Mitatu ya Maboga

Juzi nilikuwa nakata boga jikoni kwangu, hapa Randburg, na harufu yake ikanirukia kabla kisu hakijafika katikati. Bila shaka mnaijua harufu hiyo, wenzangu: ubichi mzito wenye utamu kwa mbali, na udongo ndani yake. Mkono wangu ukasimama wenyewe. Wanangu wakauliza kulikoni, nikawaambia kisu ni butu. Kisu kilikuwa kikali kabisa. Ni mimi tu niliyekuwa nimeondoka jikoni. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama katikati ya shamba la watu nje ya Johannesburg, soksi zimejaa mbegu za kunata, na moyo unataka kuruka kwa furaha.

Wakati huo tulikuwa tukiishi La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, mimi na Mama, katika chumba cha kupanga uani kwa watu. Mama alikuwa msusi. Alikuwa ametoka Uvira, Kongo, kabla sijazaliwa, na mimi nilizaliwa hapa hapa, kwa hiyo Kiswahili nilikisikia chote lakini kinywa changu kilijibu kwa Kiingereza. Mama akawa ananiita "muzungu wa La Rochelle", hasa nilipokataa kula ndagala, vile visamaki vya ziwani kwao.

Kanisa letu la Wakongo lilikuwa katika ukumbi wa kukodi, juu ya duka la matairi. Kila mwaka, baridi ilipoanza kubisha hodi, ilifika Jumapili ya Mavuno. Kwa kina Mama huko Uvira, siku hiyo watu waliingia kanisani wakicheza, na vichwani wamebeba walichokivuna: mihogo, maharagwe, mikungu ya ndizi. Lakini Johannesburg nani alikuwa na hata tuta moja? Basi watu walileta mafuta ya chupa, sukari na unga wa mahindi kutoka dukani, wakacheza navyo hadi madhabahuni, vingine bado vina karatasi ya bei. Mama hakuliweza hilo.

"Mavuno ya kununua haiko mavuno," alikuwa akisema. "Mungu anajua bei ya sukari. Hana haja tumuonyeshe risiti."

Basi kila mwaka wenzake walicheza, yeye akabaki kwenye kiti chake, na mimi nikabaki pembeni yake nikipiga miguu sakafuni. Niambieni, kuna adhabu gani kubwa kwa mtoto kuliko kukaa kimya ngoma inapolia? Mama alitaka kitu kimoja tu: apande kule mbele na kitu alichokivuna kwa mkono wake. Mimi nilitaka niwe ndiye niliyekibeba kichwani.

Kisha siku moja, wiki ya mavuno yenyewe, mteja wake aliyekuwa akisukwa alimwambia habari za shamba fulani nje ya mji. Akasema watu wa mjini huenda huko na watoto wao wakachuma wenyewe matofaa na maboga. Nilikuwa nimekaa chini nikitenganisha nywele za kusukia, nikamwona Mama amesimamisha kitana hewani.

"Wenyewe?" akauliza. "Mwenye shamba amekosa watu wa kuvuna?"

Mteja akacheka, akasema ndivyo ilivyo, ndiyo raha yenyewe. Mama hakuisikia hiyo raha. Alisikia kwamba kuna mtu ana maboga yameiva na hana mikono ya kuyatoa shambani. "Masikini," akasema, na akamaliza kile kichwa kwa kasi ambayo sijaiona tena.

Jumamosi, kabla jua halijapasha moto bati letu, pikapu ya Papa Elisha ilikuwa mlangoni. Papa Elisha alikuwa mlinzi wa duka moja Kensington, na mkewe, Mama Elisha, ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa Mama. Wote watatu walikuwa wamevaa nguo za kazi, nguo za kazi hasa: vitenge vilivyopauka, buti za mpira, vitambaa vimefungwa vichwani. Walikuwa na visu, magunia, na sufuria ya bugali imefungwa taulo ili isipoe. Mama alinikunjia kitambaa cha ngata, akaniwekea mfukoni. Tangu jana yake nilikuwa nikizunguka chumbani na sufuria tupu kichwani nikijizoeza, na ilikuwa imeanguka mara nyingi mno, ila hayo hayawahusu.

Tukaomba, tukaondoka. Nilikaa dirishani, na kila roboti, taa ya barabarani, iliyotuwakia nyekundu niliigombeza. Tukavipita vile vilima vya mchanga wa migodi, tukaziacha nyumba, na ghafla pande zote mbili za barabara zikawa maua, ya waridi na meupe, kosmosi zimesimama ndefu kama mimi na zinayumba. Mama Elisha akaanzisha wimbo wa mavuno. Nami niliyekuwa nikijidai sijui Kiswahili nikaimba beti zote.

Langoni tulikuta watu wamejaa. Watoto walikuwa na buti mpya zinazong'aa, baba zao wanasukuma vitoroli vidogo vya rangi, na mama zao wanawapanga juu ya marobota ya nyasi ili wawapige picha. Msichana wa langoni akatufunga utepe mkononi, akasema kwa Kiingereza, "Chumeni mpendavyo, mtalipia mkitoka." Nikawatafsiria watu wangu. Mama akatazama zile buti zinazong'aa, kisha akatazama zake.

"Hawa hawatamusaidia kitu," akamwambia Mama Elisha. "Bahati tumekuya."

Tulianzia kwenye matofaa. Enyi wasomaji wangu, mimi nilikuwa nimeyajua matofaa ya kwenye mfuko wa plastiki tu. Kumbe tofaa la mtini hukatika kwa mlio, tii, na lina joto upande wa jua na baridi upande wa kivuli! Nililiuma pale pale, maji yakanichirizika hadi kwenye kiwiko, na Mama, mwanamke aliyekuwa akinipiga marufuku kula nikiwa nimesimama, akacheka tu na kuniangushia jingine. Ndege hadada walikuwa wakipiga kelele juu yetu. Nilikimbia kutoka mti hadi mti bila sababu yoyote.

Kisha tukafika kwenye maboga.

Yalilala katika mistari mirefu, majani yameanza kunyauka, na mengine bado hayajachomoza vizuri kutoka kwenye kijani: maboga bapa, meupe, yale ya kikaburu, mazito. Nilianza kukimbia nikiyapiga kofi moja moja, mpaka nikaliona langu. Lilikuwa kubwa kuliko mengine yote ya mstari ule, lina kovu upande mmoja. Nikalikumbatia lisiinuke hata kidogo. Nikalikalia, ili mtu asilichukue.

Nilipogeuka, Mama alikuwa ameanza kazi. Mnajua wenyewe ule usemi wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama yangu hakungoja hiyo ya tatu. Yeye na Mama Elisha walishika mistari miwili iliyofuatana kutoka mwanzo kabisa, Papa Elisha akashika wa tatu, na wakaenda sambamba, wameinama, wakiimba. Kisu kilikata mbali kidogo na boga, kila moja likabaki na kikonyo chake, maana boga bila kikonyo huoza. Yaliyopasuka yakatengwa ya kuliwa kwanza. Machipukizi laini ya majani yakaingia gunia lake. Mama alikuwa mrembo siku ile, sijui kwa nini nilikuwa sijamwona hivyo kabla. Mgongo wake, uliokuwa ukimuuma kila jioni kwa kusimama saluni, ulikuwa ukinyooka na kukunjika kama wa msichana. Nami nikawa nabeba madogo hadi penye lundo, nikikimbia huku na huku, nikirudi kila mara kukagua langu.

Jua lilipofika utosini, mistari mitatu ilikuwa mitupu. Si boga, si hata kiboga. Pembeni palikuwa na lundo lililonipita urefu, makubwa chini, madogo juu. Mama akajifuta jasho, akafungua sufuria ya bugali, akasema mchumia juani hulia kivulini, na sisi tukakaa kivulini mwa maboga.

Hatujameza tonge la pili, mtoto mmoja wa buti zinazong'aa akafika na kitoroli kitupu, akatazama ile mistari, akaangua kilio. Nyuma yake watoto wengine. Na nyuma yao wote, mwenye shamba, mzungu mrefu mwenye kofia, anakuja kwa hatua ndefu.

"Mmefanya nini?" akauliza.

Nikamgeukia Mama. Mama akasimama, akanyoosha kitenge, akasema kwa fahari, "Mwambie tumemumalizia mistari mitatu. Atuonyeshe ghala iko wapi."

Nikamwambia. Yule mzee akavua kofia, akaivaa tena. Akanieleza polepole kwamba hana ghala la maboga, kwamba watu wanamlipa ili wayakute shambani na wayachume wao, na kwamba sasa hakuna la kuchuma. Akaomba, kwa adabu kabisa, tuyarudishe.

"Tuyarudishe wapi?" Mama akauliza.

"Pale yalipokuwa," nikasema kwa sauti ndogo. "Kwenye majani. Ili watoto wayaokote."

Papa Elisha alicheka hadi akapaliwa. Mama hakucheka. Niliuona uso wake ukibadilika, nami nilijua kinachofuata: tutafukuzwa, boga langu litabaki, na kesho tutakaa tena kwenye viti vyetu wenzetu wakicheza. Mama akaenda, akakaa juu ya boga langu, lile lenye kovu, lililowekwa kando ya lundo, akaishika mikono yake kwa nguvu.

"Kilichovunwa hakirudi mu shamba," akasema. "Mwambie. Mwambie safari hii siachi kitu mu shamba."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mzee akanigeukia.

"Safari hii?" akaniuliza. "Muulize, safari nyingine ilikuwa ipi?"

Nikamuuliza. Mama akatazama mistari ile mitupu, kisha akasema, "Okota majani yale, mutoto. Yatakauka."

Hapo ndipo yule mtoto aliyekuwa akilia alipotuokoa sote. Alikuwa amenyamaza, ameanza kupanda lundo. Mwenzake akamfuata, mwingine akachagua boga la juu akalibingirisha chini kwa kelele za shangwe, na punde si punde watoto wote wa shamba lile walikuwa juu ya mavuno ya Mama, na mama zao wamekimbilia simu za picha. Mwenye shamba akawatazama. Akatazama lundo lilivyopangwa. Akaanza kutabasamu pembeni mwa mdomo.

"Mwambie mama yako aliache hapo hapo," akasema. "Watachagua kwenye lundo. Na lile alilokalia ni lake, na majani yote." Majani yalimshangaza sana, akaniuliza mara mbili kama kweli yanaliwa.

Jumapili nilivaa gauni la njano. Mama alikataa boga kuoshwa; udongo ukabaki pale pale lilipolalia. Ngoma ilipoanza, Papa Elisha alinitwika, Mama akanishika bega, na tukainuka. Tuliinuka, jamani! Shingo yangu ilikuwa inazama kifuani, sikuona kitu ila vidole vya miguu yangu vikicheza, na vigelegele vikatoka kila pembe ya ukumbi watu walipouona ule udongo. Mama alikuwa analia nyuma yangu. Nilidhani ni furaha, na nilikuwa na furaha ya kututosha wawili, sikuuliza.

Nilikuja kuuliza nikiwa mtu mzima, siku moja tukimenya maharagwe, yeye na mimi, bila sababu maalumu. Akanieleza akiendelea kumenya. Risasi zilianza Uvira wakati wa mavuno. Walikuwa na shamba mlimani, yeye na mama yake, maboga na maharagwe vimeiva, na walipanga kuanza kesho yake asubuhi. Usiku huo wakakimbia. Bibi yangu aligeuka njiani mara moja, akasema, "Tutavuna tukirudi." Bibi alifia ng'ambo ya ziwa, kambini. Mama akaendelea kushuka kusini, nchi moja baada ya nyingine, hadi La Rochelle.

Sijui nani alilivuna lile shamba, au kama lilivunwa. Mama naye hajui. Lakini yule mzungu mwenye kofia aliichukua namba ya simu ya Mama siku ile, na hadi leo, watoto wa buti wakishamaliza msimu wao, humpigia. Hubakiza mistari mitatu. Mwaka huu nilikwenda na wanangu, nikawapa visu, na Mama, mgongo umeshapinda, alitembea nyuma yetu hadi mwisho wa mstari, akifunua majani kwa fimbo, kuhakikisha hatujaacha kitu.